Ubao wa Kupandia Stooni kwa Mama Risper

Tulipomzika Mzee Barasa mwezi uliopita, aliyekuwa akiongoza ibada alinipa dakika mbili za kuzungumza kama rafiki wa marehemu. Nilisema alikuwa fundi mwaminifu, na kwamba viti alivyonitengenezea nikiwa kijana leo vinakaliwa na wajukuu wangu. Nikarudisha kipaza sauti, nikaenda kukaa chini ya hema. Jerono alikuwa kwenye kiti cha nyuma yangu, miwani imening'inia kifuani. Akainama, akaniuliza mbona sikutaja ubao. Nikamwambia dakika mbili hazitoshi hata kueleza ubao wenyewe ni kitu gani. Basi acha nieleze hapa, bila haraka, kwa sababu mwaka ule wa ubao ndio ulionifundisha kumwambia mtu mzima ukweli kuhusu kazi ya mikono yake, na nilijifunza kwa kuchelewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, karani katika yadi moja ya mbao hapa Eldoret. Kazi yangu ilikuwa kupokea plaiwudi kutoka kiwandani na kutenga zile zilizovimba pembeni au kupasuka. Nilipanga chumba katika ploti ya Mama Risper, upande wa barabara inayokwenda Plateau. Mama Risper alikuwa muuguzi aliyestaafu, mtu wa kwetu wa upande wa ziwa, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima na mkono mzito wa kupakua ugali. Vyumba vyake vinne vilikuwa kwa mstari mmoja, bomba la maji katikati ya ua, na nyuma kabisa kulikuwa na stoo ya mabati ambamo aliweka mahindi ya shamba alilokodi Ainabkoi. Kufikia mwezi wa tano mahindi yalikuwa yameisha, na stoo ilibaki na panya wawili watatu na harufu ya magunia. Naikumbuka harufu hiyo kuliko sura za watu wengi niliofanya nao kazi.

Jerono alipanga chumba cha kando yangu. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, aliyezaliwa pale ukingoni ambapo nchi inakatika ghafla na kushuka bonde la Kerio. Katika mji huu wa wanariadha, msichana wa umbo hilo hapiti barabarani bila kuulizwa anafanya mazoezi kambi gani na kocha wake ni nani. Aliwajibu wote kwa upole uleule: "Mimi ukiniona nakimbia, jua mvua imeanza." Alichopenda yeye ni kupanda miamba. Alikuwa amefanya kazi misimu miwili kama mpishi wa kampuni iliyopeleka wageni mlimani, na huko alijifunza kamba kutoka kwa waongozaji kila alipomaliza kuosha sufuria. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule aliomba ajaribiwe naye awe mwongozaji. Alipanda vizuri mpaka mahali ambapo mwamba unainamia nje, kama paji la uso, na hapo vidole vikafunguka. Mkubwa wa kampuni alimwambia arudi baada ya mwaka ajaribiwe mara moja tena. Akishindwa, nafasi yake ni ya jikoni na asiulize tena. Jerono alirudi Eldoret akaajiriwa kuuza daftari na kalamu dukani. Aliniambia haya yote pale bombani, akifua, kwa sauti ya mtu anayeeleza sukari imepanda bei. Kisha akafuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la wageni. Kulikuwa na picha ya ukuta wa mbao ndani ya gereji ya mtu, na kijana ananing'inia juu yake.

"Ochieng, wewe si ndiye unakaa na mbao?" akasema. "Nisaidie nipate hii kitu."

Kwa asiyeujua, ubao wa kupandia ni hivi. Chukua ukuta wa plaiwudi, uulaze uje upande wako, uwe kama sehemu ya chini ya ngazi za ghorofa. Funga juu yake vipande vidogo vya mbao vya kushika na kukanyagia. Sasa panda kutoka chini hadi juu. Kwa kuwa ukuta unakuinamia, uzito wako wote unavutwa chini na nyuma, na kinachokuzuia ni vidole tu na ukaidi wako. Huhitaji mwamba wala nauli. Futi nane kwa nane zinatosha kumchosha mtu mwenye nguvu kwa dakika moja. Ukitaka kujenga wako, usiogope, si kazi ya ajabu. Ila anza na mwinamo mdogo, na uweke kitu laini chini kabla hujaweka kishikio cha kwanza. Sisi tulishona magunia tukayajaza maranda ya mbao, na magunia hayo yaliokoa viuno vyetu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Ruhusa tuliiomba mezani, siku Mama Risper alipopika samaki, mbuta, na akawa na moyo mweupe. Aliuliza kama tutatoboa mabati yake. Akauliza kama kuna mtu atakufa. Kisha akasema stoo ni yetu mpaka mahindi yake yafike kutoka Ainabkoi, na siku yakifika ubao utatoka, na wakati wote mlango wa stoo utakuwa wazi. Hilo la mlango tulilielewa baadaye. Jumapili moja nikiwa naosha viatu dirishani niliwasikia akina mama wa kanisa lake wakimuuliza, kwa adabu nyingi, ni nini hasa yule kijana na yule msichana wanafanya stooni kila jioni. Mama Risper aliwajibu kwamba wananing'inia. Mmoja akauliza, wananing'inia vipi? "Kama popo," akasema. "Nendeni mkaone, mlango uko wazi. Mimi nimeona, na nawaambia hakuna dhambi pale, ni uchovu tu." Wakaenda kweli, watatu, na vitambaa vyao kichwani, na mmoja akaomba ajaribu kukanyaga.

Lakini nimemruka Mzee Barasa, na bila yeye hakuna ubao. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alitoka Bungoma akiwa kijana wa kubeba magogo, akajifunza useremala kwa kutazama, na wakati huo alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, anayetengeneza makochi, vitanda na mabenchi ya makanisa. Watu walimlalamikia kwamba anachelewesha, na ilikuwa kweli, kwa sababu hakuacha kazi itoke na meno. Meno aliita zile alama ndogo za msumeno na nyuzi za mbao zinazokuchoma ukipitisha mkono. Alipiga msasa hadi chini ya meza, mahali ambapo hakuna atakayeona mpaka siku ya kuhama nyumba, kisha akapitisha mgongo wa mkono, si kiganja, kwa sababu kiganja cha fundi kimekufa lakini mgongo wa mkono bado unasikia. Nimewaambia hivyo vijana wengi niliowafundisha chuoni baadaye, na sikuwaambia nilikopata.

Fremu aliijenga kwa Jumapili mbili, baada ya ibada. Alimpima Jerono urefu wa mikono kwa kamba, kama fundi nguo, akaangusha timazi kutoka juu ili ajue ukuta umeinama kiasi gani, kisha akaning'inia mwenyewe kwenye boriti na mwili wake wote mnene ili aone kama itapiga kelele. Haikupiga. Mimi nilileta plaiwudi tatu zilizokataliwa yadini. Kisha akasema vishikio atavitengeneza yeye, arobaini, kutoka kwa vipande vya mvule vilivyobaki kwenye mabenchi ya kanisa fulani, na tusije kuchungulia mpaka amalize. Hakutaka tulipe. Alisema hajawahi kutengeneza kitu cha kukaliwa na vidole.

Alichukua wiki sita. Nikipita jioni kutoka kazini nilimsikia akiwaambia wateja waliokuja kufuata makochi yao kwamba wangoje kidogo, kuna kazi ya heshima anamaliza. Siku moja alimwonyesha mteja kishikio kimoja na nikasikia akisema, "Hii nimepiga vanishi mara tatu. Weka shavu hapo usikie." Mteja akaweka shavu. Nilitabasamu nikaendelea na njia. Ningekuwa mtu mwenye akili ningesimama papo hapo.

Alivileta Jumamosi, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti lake. Tulivifungua juu ya meza ya Mama Risper, na hata leo naweza kusema sijaona mbao nzuri kama zile. Zilikuwa za mviringo, rangi ya chai ya rangi, zinang'aa mpaka unaona dirisha ndani yake. Jerono alinitazama, nikamtazama. Alimshukuru Mzee kwa mikono miwili. Tukavifunga vyote kwa bolti siku ileile, yeye akitushikia spana, na alipoondoka kwenda kuoga, Jerono akapanda. Mkono wa kwanza ulishika kidogo. Wa pili uliteleza kabla hajaweka uzito, akaanguka kwenye magunia. Tulicheka. Akajaribu upande mwingine, akaanguka. Mara ya tano hatukucheka. Alikaa kwenye maranda akitazama viganja vyake, akasema ni kama kushika sabuni iliyolowa.

Kosa lilikuwa langu, na nalieleza kwa sababu ni kosa rahisi kufanya. Nilimwonyesha fundi picha, lakini sikumwambia kishikio kinafanya kazi gani. Mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha mbao haimkwaruzi mtu yeyote atafanya nini, ukimpa mbao bila kumweleza? Ngozi inahitaji kitu cha kukwama nacho, na yeye alikuwa amekiondoa chote, kwa upendo, kwa mkono, kwa wiki sita.

"Utamwambia wewe," Jerono akasema. "Wewe ndiye mnaelewana."

Nikakubali, na sikumwambia. Mwezi wa nane ukaisha. Kila asubuhi Mzee Barasa aliinua mkono kutoka ng'ambo ya barabara akauliza, "Karani, vinashika?" na mimi nikajibu vinashika vizuri, Mzee. Jerono alifanya mazoezi kwenye ukingo wa plaiwudi na kwenye boriti za fremu, mahali popote ambapo hapakuwa na kazi nzuri ya Mzee. Hakunilaumu. Lakini nilikuwa nikimsikia kupitia mabati ya stoo, akihesabu kwa sauti ya chini anavyoning'inia, na hesabu ilikuwa fupi, na haikuongezeka. Mwaka wake mmoja ulikuwa unaliwa na aibu yangu. Mwezi wa tisa, tukila sukuma wiki kwa Mama Risper, alisema afadhali anunue msasa avikwaruze mwenyewe, Mzee hatajua.

Mama Risper aliweka kijiko chini. "Na siku akiingia kwa stoo?" akasema. "Atakuta kazi yake imekwanguliwa na watu wanaomwambia kila asubuhi iko sawa. Ochieng, hiyo si heshima unampa. Unamwona mtoto."

Kesho yake nilikwenda karakana kabla ya kazi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema machache. Nilimwambia vinateleza. Aliuliza vyote? Nikasema vyote. Aliuliza tangu lini nimejua, na hilo ndilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameshika randa. Akaipuliza maranda, taratibu, akasema, "Kwa hivyo nimeharibu kwa kufanya vizuri," akageukia mbao yake. Kwa siku nane hakuinua mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi sijawahi kupita barabara ile nikiwa na kichwa kizito kama siku zile.

Aliyetengeneza mambo ni Jerono, na hakutaja vishikio hata kidogo. Aliingia karakana akamwomba Mzee amsindikize kwao Jumapili, kuna mawe anataka ayaone. Nadhani alikubali kwa sababu ni vigumu mzee kumkatalia msichana anayeomba kusindikizwa. Tulikwenda watatu. Kule ukingoni, chini kidogo ya njia ya mbuzi, kuna mawe makubwa kama vyumba, na Mzee Barasa alisimama mbele ya moja akiwa na koti lake la kanisani. Aliliangalia. Kisha akafanya kile nilichomwona akifanya kwa meza mia: akapitisha mgongo wa mkono. Akarudia. Ngozi ikachubuka kidogo, akaitazama.

"Huyu fundi hakupiga msasa," akasema.

"Angepiga, Mzee, mimi ningekuwa nauza daftari maisha yangu yote."

Mzee alicheka mpaka akashika jiwe. Alimwambia apande tena na tena, mahali pa chini, na yeye akachuchumaa kando akitazama vidole tu: vinakunja wapi, ni sehemu gani ya ngozi inabeba. Aliuliza maswali niliyopaswa kumjibu miezi mitatu kabla. Njiani kurudi hakuongea nami, lakini alinipa nusu ya hindi lake la kuchoma, nikajua tunaelekea vizuri.

Alitaka vyote arobaini virudi. Vanishi aliitoa kwa kipande cha kioo kilichovunjika, kama mafundi wa zamani, kisha akavipitisha msumeno upya ili viwe na meno, na kila kimoja akakipa umbo la kitu alichokiona kule: ufa, ukingo, kishimo cha vidole viwili. Nilikwenda kumsaidia kila jioni saa kumi na moja, kwa sababu nilikuwa na deni la maneno. Kazi ngumu haikuwa kukata. Ilikuwa kuacha. Mkono wake ukimaliza kukata ulikwenda wenyewe kwenye msasa, kama mkono wa mtu unavyokwenda kujikuna. Mwishowe alinikabidhi msasa.

"Nishikie hiyo, Karani. Nikiiomba usinipe."

Aliuomba siku ya tatu. Alikuwa na kishikio mkononi, kizuri, chenye kona moja kali, na akanyoosha mkono bila kunitazama. Nilisema hapana. Akasema ni ile kona tu. Nikasema, "Hapana, Mzee, hiyo kona ndiyo Jerono anataka." Uso wake ulikakamaa, na nikaona kwamba nimemkatalia mtu mwenye umri wa baba yangu, ndani ya karakana yake, kitu chake mwenyewe. Lakini sikuuachia ule msasa. Baada ya muda akakiweka kile kishikio kwenye kapu pamoja na vingine, akachukua kipande kipya. Nimepewa barua za sifa maishani na nimesahau zilizoandikwa ndani. Ile hapana naikumbuka.

Mahindi yalifika mwezi wa kumi na moja. Lori lilirudi nyuma hadi mlango wa stoo, vijana wakiwa na gunia la kwanza mgongoni, na Mama Risper akaingia kutuambia tutoe ubao kama tulivyoagana. Jerono alikuwa juu. Kwa wiki mbili alikuwa akikwama kabla ya safu ya mwisho, na wakati huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umetoka ukielekea kile kishikio cha kona kali. Ulishika. Mwili ukayumba, miguu ikaachia, ikarudi. Akagusa boriti ya juu kabisa. Mama Risper alisubiri mpaka ashuke. Kisha akatoka nje akawaambia vijana magunia yaingie kwa nyumba, sebuleni, wayapange kando ya kabati. Mpaka mwezi wa pili tulikula tukiwa tumezungukwa na mahindi, na akina mama wa maombi walikalia magunia wakisifu kwamba yana joto kuliko viti.

Jaribio lilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa kwanza. Simu ilikuja ofisini yadini, kutoka kibanda cha simu cha huko mlimani. Nilisikia upepo, nikasikia Jerono akisema, "Nimepita," na sarafu zikaisha. Nilivuka barabara nikikimbia, na nadhani watu waliniuliza kambi yangu ni ipi. Mzee Barasa hakuacha kupiga randa. Akauliza amepita vipi. Nikamwambia sijui, simu imekatika. "Basi hujui kitu," akasema, lakini niliona alikuwa akipiga randa mahali pamoja tu, palipokwisha kunyooka zamani.

Jerono alirudi Jumamosi mchana. Hakupitia kwake kwanza, alikuja moja kwa moja karakana, nami nilikuwa pale. Mteja alikuwa amesimama karakana akisubiri kitanda chake kifungwe upesi, lori lisije likamwacha, na Mzee Barasa, ambaye sikuwahi kumwona akimrudisha mteja, alimwambia akale chakula kwanza. Akafunga mlango. Akafuta maranda kwenye kochi ambalo bado halikuwa na kitambaa, akamwonyesha Jerono aketi, na yeye akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mkono wa kwanza uliweka wapi?"

Jerono alieleza. Kulikuwa na ufa upande wa kulia, mwembamba, unaingia vidole viwili. Kisha ukingo. Kisha hatua ya mguu wa kushoto isiyofaa kitu. Alijaribu kusema akiwa ameketi, akashindwa, akasimama, mikono yake ikaanza kupanda hewani na Mzee akiifuata kwa macho. Alipofika pale mwamba unapoinama alisimama na mikono juu, vidole vimekunjwa, na akatuonyesha jinsi vilivyotaka kufunguka, kimoja baada ya kingine, na jinsi ambavyo havikufunguka. Ncha zote zilikuwa zimechubuka. Nilimtazama Mzee. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuyafuta. Nje mteja alianza kugonga.

"Anza tena," Mzee Barasa akasema. "Kutoka chini."